Ndege ya Saa Tatu: Historia Fupi ya Madaktari wa Ndege

Jarida la hospitali limenipa siku nne. Mwaka 2027 Madaktari wa Ndege wa taasisi ya afya ya Amref wanatimiza miaka 70, na mhariri wetu, kijana mwenye adabu zake, anataka historia "fupi, yenye tarehe." Tarehe ninazo. Ufupi ndio utakaonishinda, maana nilikuwa muuguzi na msikiliza redio katika hospitali ya misheni kaskazini mwa Tanzania kwa miaka 26, na mlio wa ndege ile niliufahamu kama mtu anavyofahamu kikohozi cha baba yake.

Jambo lenyewe lilianza 1957, huku huku kwetu, kwenye miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro. Hapo Ol Molog palikuwa na shamba la Michael Wood, mpasuaji Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, na mkewe Susan. Wenzake Wood walikuwa wawili: Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, na Thomas Rees, Mmarekani. Wote watatu kazi yao ilikuwa moja, kurekebisha maumbile yaliyoharibika kwa moto, kwa ajali au tangu kuzaliwa. Walichokiona hakikuhitaji elimu kubwa: bingwa yuko mjini, mgonjwa yuko porini, na katikati kuna barabara ambayo masika ikiingia haipitiki. Basi bingwa apande ndege ndogo, amfuate mgonjwa, na siku hiyo asidai ujira. Wood mwenyewe alijifunza urubani akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Mhariri atanisamehe, lakini McIndoe siwezi kumpita kwa mstari mmoja. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa East Grinstead, Uingereza, akitibu marubani walioungua nyuso na mikono. Aligundua kwamba marubani walioangukia baharini vidonda vyao vilipona vizuri kuliko vya walioangukia nchi kavu, akaanza kuwalaza wagonjwa kwenye mabafu ya maji ya chumvi. Wodini aliruhusu pipa la bia. Watu wa mji ule aliwaomba wawaalike vijana wale majumbani bila kuwakodolea macho, nao wakakubali. Wagonjwa wakaunda chama chao na kukiita Guinea Pig Club, kwa jina la wale wanyama wadogo wa maabara, kwa sababu matibabu yao yalikuwa ya kujaribu. Wood na Rees walijifunza kwa mtu huyo. Aliaga dunia 1960, taasisi ikiwa na miaka mitatu tu. Lakini kila mtoto wa kwetu aliyeangukia mafiga akanyooshwa mkono, alinyooshwa kwa ujuzi uliotoka kwa marubani wale.

Na Susan je? Historia nyingi huandika "madaktari watatu" zikaweka nukta. Bibi huyu alizaliwa Kongo, kwa wazazi wamisionari, na bila shamba lake na meza yake sijui hao watatu wangekaa wapi kuzungumza. Mwaka 1975, huko Karen, Nairobi, alianzisha Kazuri, karakana ya shanga za udongo, akianza na kina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Hilo halihusu ndege. Nimeliweka kwa makusudi.

Sasa redio. Katika miaka ya 1960 hospitali na zahanati za mbali ziliunganishwa na Nairobi kwa redio za mawasiliano. Kila kituo kilikuwa na jina lake la kuitwa na saa yake ya kusikiliza. Unabonyeza, unasema, unasema "ova," unaachia, unangoja mkwaruzo uishe. Daktari wa Nairobi anauliza: mapigo ya moyo mangapi? Tumbo ni gumu au laini? Wewe umesimama na daftari, nusu ya vijiji vya jirani wanasikiliza kwenye redio zao, na aibu ya mgonjwa haina pa kujificha. Hata hivyo wengi walipona bila ndege kuruka, kwa maelekezo hayo tu.

Siku ya ndege ilikuwa na mpango wake. Alfajiri wanaume wa kijiji wamefika kiwanjani na mafyekeo. Mashimo ya muhanga yanazibwa kwa udongo na kushindiliwa kwa miguu. Mawe ya pembeni yanapakwa chokaa upya. Mfuko wa kuonyesha upepo tuliushona kwa shuka kuukuu la wodi ya wanaume. Saa tatu mlio unasikika. Rubani anazunguka mara moja, chini kabisa, ili kuwafukuza ng'ombe waliobaki. Watoto tuliwaambia wanasalimiwa. Mpasuaji anashuka na begi, ananawa, anauliza chai iko wapi na wagonjwa ni wangapi. Foleni imeshapangwa tangu jana: midomo sungura, makovu ya moto, mikono ya wenye ukoma iliyokunjamana. Giza likiingia mapema mtu anashika karabai, na mkono usitetemeke.

Namkumbuka mtoto mmoja, wa miaka kama mitano. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimegandana na kiganja tangu alipoangukia moto akiwa anatambaa. Vilitenganishwa, ngozi ikachukuliwa pajani ikapandikizwa. Kesho yake ndege ikaondoka. Kidonda kikabaki na sisi: kuloweka bendeji, kubandua, kufunga tena, mtoto akilia na mama yake akiangalia ukutani. Wiki ya tatu mama akampa kikombe cha plastiki chenye uji. Akakishika. Kikamponyoka, uji ukamwagika wote, akakiokota kwa mkono uleule.

Hapo ndipo penye neno langu, kama nina neno. Mpasuaji alitoa siku zake mbili, na Mungu amlipe. Lakini mpasuaji hukaa siku mbili, kidonda hukaa majuma matatu. Wakubwa wa AMREF waliliona hilo mapema kuliko wengi: tangu miaka ya 1970 walianza kutia nguvu zaidi katika kufundisha wahudumu wa afya na katika afya ya vijijini, na bingwa anayekuja akawa na kazi ya pili, ya kumwachia daktari wa pale ujuzi. Wapo wapenzi wa ndege waliosikitika. Mimi sikuwa mmoja wao.

Anne Spoerry nimwekee nafasi yake. Mfaransa, alianza kuruka na huduma hii katikati ya miaka ya 1960, akiwa amejifunza urubani na umri wa miaka 45. Ndege yake, 5Y-AZT, ilijulikana kwa herufi za mwisho, Zulu Tango, na kuanzia Turkana hadi Lamu watu walimwita Mama Daktari. Alichanja watoto kivulini chini ya bawa. Mkali, asiyependa kungojeshwa. Alifariki 1999. Baadaye yameandikwa mengi kuhusu miaka yake ya vita, katika kambi ya Wanazi ya Ravensbrück, na anayetaka atayasoma. Waliochanjwa Lamu nao wana lao la kusema.

Fedha zilitoka wapi? Kwa wafadhili, ndiyo, ila pia kwa hesabu moja niliyoipenda. Watalii walikuwa wakijiunga na chama cha Madaktari wa Ndege kwa ada ndogo. Ukiumia mbugani, unafuatwa. Wengi hawakuumia. Kwa hiyo mtalii aliyerudi kwao salama kutoka Serengeti ndiye aliyemlipia nauli mgonjwa asiye na senti. Hata leo Madaktari wa Ndege ni kampuni inayomilikiwa na Amref, inasafirisha wagonjwa wanaolipa, na kinachobaki kinarudi kwenye kazi ya afya.

Mambo hayakuwa mteremko siku zote. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa kati ya 1977 na 1983, na hayo yalikuwa mambo ya wakubwa. Sisi tulijifunza kusubiri ndege.

Yaliyobaki niyataje haraka, siku zangu nne zinakwisha. 1987, Wood anafariki. 1999, AMREF inapata tuzo ya Hilton. 2005, tuzo ya Gates, na mwaka huohuo wauguzi wa Kenya wanaanza kujiendeleza kwa masomo kwa njia ya kompyuta. 2013, Rees, wa mwisho kati ya wale watatu, anafariki. Aprili 2015, majeruhi wa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa wanapelekwa Nairobi kwa ndege. 2018, tuzo ya Asturias kutoka Hispania. Korona, wagonjwa wanasafirishwa ndani ya mahema madogo ya plastiki. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, sasa una ndege za jeti zenye vitanda vya wagonjwa mahututi. Nimeonyeshwa picha, sikuelewa nusu ya vifaa.

Na kwa kuwa ni picha: mhariri ameniletea ishirini na mbili za kuchagua. Ndege kumi na moja, madaktari tisa, twiga mmoja, na moja haionekani vizuri. Wafyekaji hawamo. Kwenye daftari langu la redio wamo, ukurasa wa nyuma, kwa penseli: "mafyekeo manne, watu tisa, chai, mihogo." Kama kuna familia hapa kijijini yenye picha ya kiwanja kile na mawe yake meupe, hata iliyoliwa na mchwa pembeni, iletwe ofisi ya mapokezi kabla ya Ijumaa.