Nani Mwenyeji? Wakazi wa Akeri na Vijiji Jirani katika Historia ya Kanisa

Kusudi la makala hii ni kuchunguza jinsi wakazi wa kijiji kimoja kidogo, Akeri, pamoja na majirani zake wa Leganga, Tengeru na Nkoaranga chini ya Mlima Meru, walivyopata kuwa jamii moja. Kisha kuuliza historia hiyo yalifundisha nini Kanisa. Mtu apitaye barabara ya Arusha na Moshi, akitazama migomba na mibuni upande wa mlimani, aweza kudhani kwamba hapa ni nchi ya kabila moja tangu mwanzo wa dunia. Sivyo ilivyo.

Hesabu za serikali hazitusaidii sana katika jambo hili. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika Tanzania kuwauliza watu kabila lao. Tangu hapo taifa limehesabu wananchi wala si makabila, na twaamini kwamba uamuzi huo ulikuwa wa hekima. Kwa hiyo mtafiti hana budi kurudi kwenye masimulizi ya koo, makaburi, na majina ya mahali.

1. Kabila lililokusanyika

Wameru, ambao katika lugha yao hujiita Warwa, husimulia kwamba baadhi ya koo zao za kwanza, miongoni mwao Kaaya na Mbise, zilitoka Usambara na kupanda mlima huu yapata karne tatu au zaidi zilizopita. Walipofika hawakukuta msitu mtupu. Masimulizi yao yawataja Wakoningo, wawindaji walioishi humo kabla yao. Baadaye zilikuja koo nyingine kutoka Uchagga, na ndiyo maana Kimeru kinakaribiana mno na Kimachame kuliko Kisambaa. Desturi ya marika, nayo, waliipokea kutoka kwa Wamaasai wa tambarare.

Yapata miaka ya 1830 Waarusha walihama kutoka Arusha Chini, wakakaa upande wa magharibi wa mlima. Wao walisema Kimaa, lakini walilima kama Wameru. Vita vilikuwapo kati ya majirani hawa, na ndoa pia zilikuwapo. Wanawake na watoto wa Kimeru waliotekwa walilelewa katika maboma ya Waarusha, na wajukuu wao wakawa Waarusha kamili. Basi, kabla Mzungu wa kwanza hajapiga hema hapa, neno "kabila" lilikwisha kuwa jina la watu waliokusanyika kutoka pande nyingi, wakanywa maji ya mfereji mmoja.

2. Damu ya Akeri

Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri wakitaka kuanzisha kituo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 walishambuliwa na kuuawa. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa ukatili mkubwa. Kapteni Johannes alikuja kutoka Moshi na askari wake pamoja na wapiganaji wengi wa Kichagga. Watu waliuawa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa. Hata hivyo misioni ilirudi, na mwaka 1902 kituo cha Nkoaranga kikaanzishwa.

Habari hii husimuliwa mara nyingi katika sharika zetu, na makaburi ya Akeri huzuriwa na wageni. Lakini yafaa tuone jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Pamoja na wamisionari wale wawili waliuawa Wachagga kadhaa waliofuatana nao. Majina ya Wazungu wawili hutajwa kila mara; Wachagga mara nyingi hutajwa kwa jumla tu, kana kwamba walikuwa sehemu ya mizigo. Vivyo hivyo, Wameru waliokufa katika kisasi cha Johannes hawana kumbukumbu mfano wa ile ya wamisionari. Hivyo udongo wa kijiji hiki kimoja ulipokea damu ya Wazungu wa Ulaya ya kaskazini, ya Wachagga na ya Wameru katika majuma machache tu. Kanisa likiwakumbuka wawili na kuwasahau wengine, litakuwa limekwisha kuchagua nani ni mtu na nani ni msafara.

3. Wageni wa tambarare

Kuanzia mwaka 1904 Makaburu walifika kutoka Afrika ya Kusini, baada ya kushindwa na Waingereza katika vita vya 1899 hadi 1902. Wakafuata Wajerumani waliokuwa wakiishi katika Dola la Urusi. Hao waliwekwa Leganga, mahali palipoitwa Leudorf. Wengi wao hawakustawi, wakaondoka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa na Waingereza, na baadhi yakanunuliwa na Wagiriki. Vibarua nao walikuja kutoka Singida na Kondoa, na uzao wao wako miongoni mwetu hadi leo.

Kuanzia mwaka 1942 Tengeru ilipokea wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamefukuzwa makwao na serikali ya Kisovyeti, wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati, kisha wakapitia Uajemi hadi Afrika. Makaburi yao yako Tengeru, nayo yana Wakatoliki pamoja na Wayahudi. Wameru waliona hapo jambo ambalo hawakuwa wamelizoea: Mzungu maskini, asiye na nchi.

Wakati huohuo, mashamba ya walowezi yaliwabana Wameru mlimani. Mwezi wa Novemba 1951, kwa kufuata mapendekezo ya tume ya Jaji Wilson, serikali iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, alipeleka malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Kosa la serikali halikuwa kuwaleta wageni, kwa maana wageni walikuwa wamefika daima. Kosa lilikuwa kuipima ardhi kwa rangi ya ngozi.

4. Swali kwa Kanisa

Mwaka 1954 shule ya theolojia ilihamia Makumira kutoka Lwandai, na tangu hapo vijana wa makabila mengi wamekuja hapa kusoma Neno. Lakini twasema kwa huzuni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990, mlima huuhuu ulishuhudia Wakristo wakigombana kuhusu kuundwa kwa dayosisi mpya kutoka Dayosisi ya Kaskazini. Mali ziliharibiwa, na watu wa nyumba moja wakaacha kusalimiana. Sababu zilikuwa nyingi, wala si haki kusema kwamba ukabila ulikuwa peke yake. Hata hivyo, maneno "Mmeru" na "Mchagga" yalitumika kama mawe, na walioyatumia walisahau kwamba baadhi ya mababu za Wameru walitoka Uchagga.

Wamisionari wa Leipzig, na hasa Bruno Gutmann huko Uchagga, walifundisha kwamba ukoo na ujirani ni zawadi za Muumba, na Injili haiji kuzivunja. Hatuyakatai mafundisho hayo, maana Mkristo asiye na lugha ya mama yake si Mkristo bora zaidi. Lakini historia ya Akeri yaonyesha kwamba zawadi hiyo Mungu aliitoa kwa kuwakusanya wageni. Ukoo wa leo ni wapitaji wa jana waliopokelewa. Anayeitumia zawadi hiyo kumfungia mwingine mlango ameisahau njia ambayo kwayo yeye mwenyewe aliingia.

Hitimisho

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, Mwisraeli aletaye malimbuko ya nchi aamriwa kukiri kwanza kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga. Hakuambiwa aseme kwamba nchi ni yake tangu asili. Na katika sura hiyohiyo ya mavuno, Mlawi na mgeni wakaao kwake waalikwa kufurahi pamoja naye.

Kila mwaka sharika zetu huadhimisha sikukuu ya mavuno. Ndizi, kahawa na kuku huletwa mbele ya madhabahu, kisha hunadiwa nje. Twapendekeza kwamba siku hiyo wazee wa koo waombwe kusimulia, mbele ya vijana, mababu zao walitoka wapi na walipokelewa na nani. Na katika sharika ya Akeri, Wachagga waliokufa usiku ule wakumbukwe katika sala ileile wanamokumbukwa Ovir na Segebrock, pamoja na Wameru waliouawa baada yao. Ndipo tutakapojua kuliitikia swali la nani ni mwenyeji: mwenyeji ni yule aliyepokelewa, naye akapokea.