Upanga wa Kitambo ku Ulaya: Desturi Iliyokatika na Wenye Kuiunga Tena

Wandugu wasomaji, katika buku hii tunazoea kusoma mambo ya kwetu: ndoa, matanga, majina, ngoma, kazi ya wahunzi. Leo ninaomba ruhusa twende kidogo ku Ulaya. Kule kuko watu wenye kufanya kazi moja ambayo inatuangalia na sisi pia. Wanajifunza kupigana na upanga namna watu wa kwao walipigana miaka 400, 500, hata 700 iliyopita. Hapana mambo ya sinema. Hapana pia ile eskrime ya Michezo ya Olimpiki, iliyoanza humo mu mwaka wa 1896 na sasa inachezwa na vyuma vyembamba na waya wa umeme. Wao wanatafuta ufundi wenyewe wa kitambo, na wanautafuta mu mabuku, juu hakuna muzee hata mumoja aliyebaki wa kuwaonyesha.

Hilo la mwisho njo lilinishika. Mambo ya mababu yanakatika, kisha wajukuu wanataka kuyaunga tena. Inawezekana? Na kile wanachokishika, ni kile kile ao ni kingine?

Kwanza tuondoe uongo mumoja. Watu wengi wanafikiri upanga wa mikono miwili wa wakati ule ulikuwa na kilo 10 hata zaidi, na mutu alikuwa anauinua na kuuangusha tu, kama shoka ya kupasua kuni. Hapana. Panga nyingi za namna ile zenye kubaki mu nyumba za makumbusho ziko na kilo moja na nusu hivi, zingine hata chini ya hapo. Kitu cha uzito ule kinazunguka haraka sana mu mikono ya mutu aliyefundishwa. Kwa hiyo nguvu haikutosha, kulikuwa elimu, kulikuwa walimu, na hata vyama. Mu 1487, kule Nuremberg, Kaisari Frederiki wa Tatu aliwapa wapiganaji wa chama kinachoitwa Marxbrüder barua ya ruhusa ya kifalme. Na wenye kujifunza hawakuwa wakubwa peke yao. Joachim Meyer, aliyetosha buku kubwa sana ya upanga kule Strasbourg mu 1570, alikuwa fundi wa visu.

Namna gani desturi ya nguvu vile ilikufa? Haikufa siku moja. Bunduki iliingia mu vita. Upanga wenyewe ulibadilika, ukawa mwembamba, wa kuchoma zaidi kuliko kukata. Kisha ukabaki pambo la kiunoni la wakubwa, na mwisho mchezo. Mufano muzuri uko Ubelgiji, mu muji wa Gent. Chama cha Mtakatifu Mikaeli cha wapiganaji wa upanga kilipewa barua yake mu 1613 na watawala Albert na Isabella, na kiko hata leo. Lakini wanachama wake wa leo wanacheza zaidi eskrime ya kisasa. Tuangalie vizuri: chama hakikukatika, ufundi njo uligeuka. Wale ninaowaeleza hapa wako kinyume: kwao mnyororo wa walimu ulikatika kabisa, na wao wanatafuta ufundi ule wa mbele. Nani kati yao anashika desturi? Mimi ninasema wote wawili wanashika kipande.

Sasa mabuku. Ya zamani kupita zote tunazojua iliandikwa Ujerumani mu mwanzo wa miaka ya 1300, kwa Kilatini, na leo inalindwa Leeds, Uingereza. Mwalimu mule ndani ni padri! Anafundisha mwanafunzi wake upanga pamoja na ngao ndogo ya kushika mu ngumi, picha kwa picha. Na mu kurasa za mwisho anatokea mwanamuke, jina lake Walpurgis, naye anapigana sawa wao, bila maelezo yoyote ya kusema kwa nini yuko pale. Ku Italia, Fiore dei Liberi alimaliza buku yake karibu na 1410: mieleka kwanza, kisha kisu, upanga, mukuki, hata kupigana juu ya farasi. Hans Talhoffer, Mujerumani, mu buku yake ya 1467, anaonyesha mambo ya kushangaza kidogo: mume na muke wanaopigana mbele ya sheria. Mwanaume anatiwa mu shimo mpaka kiunoni, na rungu mu mukono, mwanamuke anazunguka inje na jiwe lililofungwa mu kitambaa. Zile zilikuwa hukumu, mutu alikuwa anaweza kufa. Nasi tulikuwa na kiapo cha sumu huku kwetu, basi tusiwacheke.

Lakini mwalimu mukubwa ambaye Wajerumani wote walimutaja ni Johannes Liechtenauer, wa miaka ya 1300. Yeye hakuacha picha hata moja. Aliacha mashairi. Mafupi, yenye mafumbo, mutu asiyefundishwa hawezi kutosha kitu mule. Waandishi waliokuja nyuma walisema wazi kwamba alificha maneno kwa kusudi, juu ya walimu wepesi ambao wangetapanya ufundi hovyo. Mashairi yale yalikuwa ya kushika mu kichwa. Maana yalikaa mu kinywa cha mwalimu. Bahati ya Wazungu ni kwamba, mu miaka ya 1400, wafuasi waliandika maelezo pembeni ya kila musitari: neno hili maana yake piga hivi, simama hivi, akijibu hivi wewe fanya vile. Bila maelezo yale, mashairi ya Liechtenauer leo yangekuwa makelele tu.

Ku mwisho wa miaka ya 1800, Waingereza wawili, Egerton Castle na Alfred Hutton, walianza kufungua tena mambo haya. Castle alitosha buku ya historia ya walimu wa upanga mu 1885, Hutton akafuata na yake mu 1892, na walikuwa wanaonyesha watu michezo ile ya zamani. Hutton alikufa mu 1910, vita ya dunia ikaja, kazi ikalala. Ilifufuka kwa nguvu mu miaka ya 1990, wakati watu walianza kutumiana picha za mabuku yale kwa intaneti. Mbele ya hapo, kuona buku moja ilikuwa kusafiri mpaka maktaba ya muji fulani na kuomba ruhusa.

Namna yao ya kufanya kazi inanifurahisha. Mumoja anasoma, wawili wanasimama na panga zisizokata. Maandishi yanasema mufano: piga kutoka pembeni, kidole gumba chini ya chuma, na upanga wako ufunike kichwa chako. Sawa, lakini muguu gani unatangulia? Umbali gani? Wanajaribu polepole. Mutu wa pili anasimama bila kukubali kwanza, anarudisha pigo vile mutu wa kweli angefanya. Kama njia yao inawaacha na kichwa wazi, wanajua hawakusoma vizuri, wanarudi ku maandishi. Wajerumani wale wa kitambo walikuwa hata na neno la kusikia mu chuma: panga mbili zikigusana, unasikia kama mwenzako anakaza ao analegea, na hapo hapo unajibu. Hakuna buku inayoweza kukupa masikio ya namna hiyo. Yanatoka mu kurudia kila juma, na maski ya nyavu za chuma ku uso, koti nene, na alama za bluu ku mikono.

Kuko pia mashindano; ya Göteborg, Uswidi, yalianza mu 2006. Hapo mimi nina shaka. Kijana akitafuta pointi tu anakimbilia kugusa mwenzake, na wote wawili wanagusana mara moja. Mu makaratasi ya mwamuzi ni alama. Kwa upanga mukali wangekuwa maiti mbili. Wengine mu vyama vyao wameliona na wanaadhibu kugusana kwa pamoja, na ninaona wako na haki, juu mabuku yote yale yanafundisha kwanza kurudi nyumbani muzima.

Ninajua kuko wasomaji watakaouliza: kwa nini kuongea panga na watu wa Kongo? Mu inchi hii kuko familia ambazo zikisikia neno panga hazifikiri makumbusho. Hilo ni kweli na sitalipita juu juu. Lakini upanga wa Ulaya ulifika kwetu kitambo sana, na huku haukubaki silaha tu. Wareno walifika ku mulango wa muto Kongo mu 1482. Mfalme Afonso wa Kwanza alikuwa na alama ya ufalme yenye mikono mitano, kila mukono na upanga. Wakubwa wa Kongo walikuwa wanacheza ngoma ya vita iliyoitwa sangamento, na upanga ulikuwa mule. Na wahunzi wa Kongo walitengeneza panga zao kwa kufuata umbo la zile za Kireno za miaka ya 1500: mbele a lulendo, upanga wa uwezo, ambao mukubwa alishika kama alama ya haki ya kutawala. Zingine ziko leo mu makumbusho ya Tervuren. Wareno wenyewe waliacha umbo lile, Wakongo wakaendelea nalo.

Turudi ku mashairi ya Liechtenauer. Mutu wa Katanga hawezi kuyasikia bila kufikiri lukasa. Ni ubao wa Waluba, wa ukubwa wa kushika mu mukono mumoja, wenye shanga, misumari na michoro. Watu wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye walikuwa wanapitisha kidole juu yake na kusema habari za wafalme, mahali patakatifu, mipango ya jumba. Ni namna moja: alama fupi ndani, maana mu kinywa cha aliyefundishwa. Mbao zile ziko mingi inje ya inchi. Moja iko Brooklyn, New York, nzuri kabisa, shanga zimekaa. Thomas Reefe aliandika juu ya lukasa mu 1977, kisha Mary Nooter Roberts na Allen Roberts wakatosha buku kubwa juu ya kumbukumbu ya Waluba mu 1996, baada ya kuuliza wazee. Ni kazi ya heshima. Maelezo ya mashairi ya Liechtenauer yaliandikwa na Wajerumani, kwa Kijerumani. Ya lukasa, mutoto wa Kabongo anayetaka kuyasoma atatafuta kwanza mwalimu wa Kingereza.