Kitutu: utawala uliomezwa na Bosongo

Kabla ya ukoloni, Abagusii hawakuwa na mfalme. Kila kundi lilijitegemea, na mashauri yakaamuliwa na wazee wake. Kitutu peke yake ndiyo iliyoshika njia nyingine: ilikuwa na omogambi, mkuu wa kurithi kutoka mlango wa Nyakundi, ambaye amri yake ilitiiwa hata na watu wasio wa damu yake.

Nguvu hiyo ilitokana na wageni. Katika karne ya 19, familia zilizosambaratishwa na vita, hasa vya Wakipsigis, zilikimbilia Kitutu. Walipokewa wakaitwa abamenyi, wakapewa mahali pa kulima na kulisha mifugo, nao wakaongeza mikuki ya wenyeji wao. Ndivyo Kitutu ilivyowapita jirani zake kwa wingi wa watu. Nalisisitiza hili kwa sababu historia ya Gusii husimuliwa mno kana kwamba ilianza siku mzungu alipofika, ilhali dola ilikuwa tayari inachipuka katika vilima hivi.

Ilikatizwa upesi. Mwaka 1905 Waingereza walileta kikosi cha kuwaadhibu Abagusii, na 1907 wakajenga boma Getembe, pale Kitutu inapopakana na Nyaribari. Watu wakapaita Bosongo, kwa wazungu. Nyakoe, huko huko Kitutu, wazee husimulia kuwa mwaguzi Sakawa alikuwa ameutabiri mji huo.

Januari 1908 Otenyo, kijana wa Kitutu aliyehimizwa na mwaguzi Moraa wa Ng'iti, alimchoma mkuki Geoffry Northcote, ofisa wa wilaya ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Northcote akapona. Askari wakashuka: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa kwa maelfu, watu wakauawa kwa wingi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alilalamika kwa maandishi. Otenyo alinyongwa au kupigwa risasi, masimulizi yanatofautiana. Familia yake imedai kwa miaka mingi kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Northcote alipanda cheo hadi akawa gavana wa Hong Kong mwaka 1937.

Baada ya hapo uchifu ukawa kazi ya mshahara. Aliyeitwa omogambi sasa alikusanya kodi ya nyumba na kujibu kwa DC, ofisa wa wilaya, na makundi yaliyokuwa hayajawahi kuwa na mkuu yakapewa machifu vilevile. Utii haukuja mara moja. Septemba 1914, Wajerumani walipoingia Bosongo na Waingereza wakauacha kwa muda, wananchi walivamia ofisi na maduka.

Leo Kitutu imegawanywa: Kitutu Chache iko kaunti ya Kisii, Kitutu Masaba iko Nyamira. Pande zote mbili wamo wajukuu wa abamenyi, na wote huhesabiwa Abagetutu, watu wa Kitutu.