Kutoka Mshahara hadi Mgawo: Mageuzi ya Uchimbaji Madini Walikale na Masisi

Katika historia ya uchimbaji madini wa Walikale na Masisi, wilaya za Kivu Kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mabadiliko ya amri, yaani yale yanayoandikwa katika sheria na mikataba, hayana budi kutenganishwa na mabadiliko ya mazoea, ambayo hukua kazini bila kutangazwa na yeyote. Kampuni ya madini ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni yenye asili ya kikoloni, ilikuwa zao la aina ya kwanza. Bei ya bati ilipoporomoka duniani mwezi Oktoba 1985, kampuni hiyo ilidhoofika, ikazidi kutegemea madini ya wachimbaji wadogo, na kwa njia hiyo kibarua wa mshahara akageuka mchimbaji anayejitafutia, hata kabla kampuni yenyewe haijavunjwa.

Mageuzi hayo yalikomaa Bisie, Walikale, ambako uchimbaji wa kasiteriti, mawe yanayoyeyushwa kupata bati, ulishamiri kuanzia mwaka 2002. Kila shimo lilikuwa na PDG (kifupi cha Kifaransa cha mkurugenzi mkuu), cheo kilichoazimwa kutoka makampuni makubwa na kupewa mtu aliyegharimia chakula na zana, huku wachimbaji wakilipwa kwa mgawo wa mawe, na wapagazi wakibeba mizigo ya takriban kilo 50 msituni hadi kijiji cha Njingala. Brigedi ya 85 ya jeshi la serikali, iliyolishikilia eneo hilo, iliondolewa mwaka 2009 na nafasi yake ikachukuliwa na askari waliotoka kundi la waasi wa zamani la CNDP. Lakini kubadilishana sare hakukuwa mageuzi, kwani ushuru wa mabavu uliendelea kumwelemea mchimbaji. Marufuku ya Rais Joseph Kabila dhidi ya uchimbaji madini, iliyodumu kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, nayo ilisimamisha kazi halali bila kuugusa mfumo wa mashimo.

Huko Rubaya, Masisi, penye koltani, madini yanayotoa tantalamu, ushirika wa COOPERAMMA ulikubaliana mwaka 2013 kuiuzia kampuni ya SMB madini yaliyochimbwa katika eneo la kibali cha kampuni hiyo. Ushirika kisheria ni chama cha wanachama walio sawa. Lakini aliyekuwa na mtaji wa shimo aliendelea kuwa na sauti kubwa, na hili ndilo ambalo sheria ya madini ya 2018, iliyowataka wachimbaji wadogo wajiunge na vyama hivyo, haikuweza kulirekebisha kwa maandishi peke yake. Bisie iliingia kwenye uchimbaji wa mitambo na mishahara mwaka 2019 chini ya kampuni ya Alphamin, ilhali Rubaya, iliyotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, ilibadilishiwa watoza kodi huku madini yakiendelea kuchimbwa kwa mikono.