Kuuzima Mng'ao wa Ngozi

Mwaka 1893 daktari mmoja wa Hamburg, Ujerumani, Paul Gerson Unna, aliwapaka mafuta wagonjwa wake wa kifua kikuu cha ngozi, akabana pale alipopaka kwa kioo, kisha akatazama. Mafuta yale hayakuwa dawa. Ernst Abbe, bingwa wa hadubini, alikuwa ameeleza mwaka 1878 namna mafuta yanavyosaidia lenzi kuona vizuri; Unna akauhamishia ujuzi huo kwenye mwili wa mtu aliye hai.

Shida aliyoikabili ni mng'ao. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zimekauka na kulaliana kama magamba. Mwanga ukifika hapo, sehemu yake hurudishwa papo hapo. Sehemu hiyo ni ndogo, lakini inatosha kuficha kilichoko chini. Mafuta huondoa hewa kati ya kioo na ngozi, na mwanga ukapenya. Tangu wakati huo, kuchunguza ngozi bila kisu kumekuwa zaidi kazi ya kuushinda mng'ao kuliko kutafuta lenzi kubwa.

Johann Saphier wa Munich ndiye aliyeupa uchunguzi huu jina la demoskopi, mnamo 1920. Alitumia hadubini ya macho mawili yenye taa, akitofautisha kifua kikuu cha ngozi na kaswende. Saratani haikumshughulisha sana. Leon Goldman wa Cincinnati, Marekani, aliielekeza demoskopi kwenye madoa meusi katika miaka ya 1950, na mwaka 1971 Rona MacKie wa Glasgow alionyesha jinsi inavyosaidia kulitambua doa la hatari kabla ya kulikata. Hata hivyo hadubini hizo zilikuwa mizigo. Kifaa cha kushika mkononi, chenye taa na lenzi ya kukuza mara 10, kilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1980 kutokana na kazi ya Otto Braun-Falco na wenzake, huko huko Munich. Hapo ndipo demoskopi ilipoingia mfukoni mwa koti la daktari.

Kupitia lenzi hiyo, rangi husema kina. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, ikiwa juu huonekana nyeusi. Ikishuka kidogo huwa kahawia, ikizama zaidi kijivu, na chini kabisa buluu. Kitu ni kilekile, kilichobadilika ni umbali.

Vitabu vya mwanzo viliegemea ngozi nyeupe, na hilo ni pengo la kweli, kwa kuwa watu weusi nao huugua. Mwanamuziki Bob Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, kwa melanoma, saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Watu weusi hawaipati saratani hii mara nyingi, lakini ikiwapata hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha. Waliofumbua fumbo la unyayo ni Wajapani, hasa Toshiaki Saida na wenzake. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji. Doa lisilo na madhara kwa kawaida hufuata mifereji. Melanoma hupanda matuta. Daktari asiyejua lipi ni tuta hutafuta vitundu vya jasho, vidoti vyeupe vilivyopangwa mstari, maana vyote viko juu ya matuta.

Miaka ya 2000 ilipoingia, mafuta nayo yakapata mbadala. Vichujio viwili vya mwanga huwekwa kwa kukingamana: mwanga unaodunda juu ya ngozi huzuiwa, ule uliozunguka ndani ukapoteza mwelekeo wake wa awali hupita na kulifikia jicho.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mmarekani Marvin Minsky alikuwa amebuni katika miaka ya 1950 hadubini inayopitisha mwanga kwenye kitundu kidogo, ikipokea ule tu unaotoka kwenye kina kimoja. Mwaka 1995 Milind Rajadhyaksha na wenzake, huko Boston, waliitumia kwa leza kuona seli za ngozi ya mtu aliye hai moja moja. Humo melanini haiwi nyeusi tena, inang'aa nyeupe. Kipimo kingine, kilichotangazwa mwaka 1991 na kupata umaarufu kwanza kwenye macho, huchora ngozi kwa wima kama mkate uliokatwa, hadi kina cha milimita 1 au 2. Hadubini ya leza huishia robo ya milimita hivi, kwa hiyo uvimbe mnene bado hukatwa kipande kikapelekwa maabara.