Unataka Kuongeza Pawa kwa Ndai? Soma Hii Kwanza Kabla Injini Inoki

Kama unakaa Makadara, Kibokoni ama popote karibu na Mji wa Kale, hiyo sauti unaijua. Usiku wa wikendi, Digo Road ishapoa, alafu inapita Subaru inanguruma hadi paka wa barazani wanatawanyika. Na kila msee mwenye ndai, hata kama ni Vitz ya kumpeleka mamake Marikiti, anaanza kujiuliza: yangu pia inaweza?

Inaweza. Swali ni itakaa hivyo hadi lini. Mambo ya msingi ndiyo haya, na hasa vile inaenda ukiwa hapa Pwani, kwa sababu ushauri mwingi unaosambazwa ni wa wasee wa Nairobi, na injini ya huko haipumui hewa sawa na ya huku.

Injini ni pampu ya hewa tu

Petroli peke yake haifanyi kitu. Gramu 1 ya petroli inataka karibu gramu 14.7 za hewa ndio iungue yote. Kuongeza mafuta ni rahisi, injekta zinakaa wazi muda mrefu kidogo na yameisha. Kazi ni kuingiza hewa. Kwa hivyo kila kitu utakachouziwa ni njia ya kuingiza hewa zaidi, kutoa moshi haraka, ama kuuchoma mchanganyiko kwa wakati mzuri zaidi. Akikuuzia kitu ambacho hakifanyi moja ya hizo tatu, huyo anakuuzia stika.

Sasa chukua Probox ama Fielder yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,497. Kiwandani inatoka na farasi kama 109. Ukiiwekea filta ya bei na ekzosi nene unapata farasi wachache ambao hata hutawasikia. Utakachosikia ni kelele. Kurimapu kompyuta yake pia hakuleti maajabu, maana Toyota walishakamua karibu kila kitu. Kubaki ni kuitia turbo, na hiyo injini imebana mchanganyiko mara 10.5 tayari, haikujengwa kusukumiwa hewa. Inawezekana, lakini ukipiga hesabu ya pistoni, injekta, pampu na kompyuta, afadhali uiuze ununue gari iliyozaliwa na turbo.

Turbo ndio hadithi yenyewe. Moshi unaotoka unazungusha feni, feni hiyo inazungusha nyingine inayosukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Hiyo nguvu ndiyo busti. Kwa sababu busti inaamuliwa na kompyuta, programu peke yake inaweza kubadilisha gari. Golf GTI ya Mk6 inatoka na farasi kama 210, na rimapu ya kawaida, ile wanaiita steji ya kwanza, inaipeleka karibu 250 kama mafuta ni mazuri. Hakuna spana imeshikwa.

Lakini mapenzi ya Wakenya ni Subaru, na hayakuanza jana. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliimaliza Safari Rally akiwa na Vivio, kigari cha cc 660 chenye supachaja, wakati magari makubwa yalikuwa yanakufa njiani. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda na Impreza. Toka hapo, injini ya EJ20 ya cc 1,994 imekuwa kama dini. Jua tu kwamba EJ20 haziko sawa. EJ207 ya STI ilitoka Japani ikiwa na farasi 280. EJ205 ya Forester ya turbo ni ndugu yake mpole, na ukiisukuma kama ile ya STI itakuonyesha.

Hewa ya Mombasa ni nzito, bro

Hapa ndipo watu wanaangukia, so tulia.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa huko ni kama bari 0.83. Hapa kisiwani ni bari 1 na kidogo. Gari bila turbo yenye farasi 109 huku, kule inabaki na kama 90, ndio maana ukishuka Pwani na Probox unahisi imeamka. Hiyo ni raha ya bure.

Kwa gari la turbo lililotiwa programu Nairobi, mambo ni tofauti. Sema fundi aliweka busti ya bari 1. Kule juu jumla ndani ya bomba ni 1.83. Ukifika Mombasa, busti ile ile inakupa jumla ya 2. Hiyo ni karibu asilimia 10 ya hewa zaidi, ukitoa kidogo kwa sababu hewa yetu ni moto. Kompyuta sasa inasoma sehemu ya jedwali ambayo fundi hakuwahi kuifika siku ile anaipima. Kama hapo taimingi imeachwa mbele sana, ama injekta zimefika mwisho, unashuka Mariakani ukiimba na unaingia Changamwe ukivutwa kwa kamba.

Kinachoua ni kugonga. Mchanganyiko unatakiwa uwashwe na plagi, moto usambae taratibu. Joto na mgandamizo ukizidi, sehemu iliyobaki inalipuka yenyewe kabla moto kufika. Unasikia kama sarafu kwenye mkebe. EJ inajulikana kwa pistoni kuvunjika pale kwenye kuta nyembamba zinazoshika ringi, na zikivunjika hakuna kuunga na gundi. Kompyuta iko na sensa ya kusikia hiyo sauti na kurudisha taimingi nyuma, lakini ekzosi ya kelele na injini iliyolegea huichanganya.

Ukileta gari kutoka bara, ama unaipeleka, fundi ajue mapema. Iliyotengenezwa hapa ikipanda Nairobi haina hatari kubwa, inakuwa tu mvivu kidogo.

Mafuta

Japani wanauza petroli ya aina mbili, ya kawaida yenye okteni kama 90 na ya juu kama 100. STI na wenzake walipimwa kwa hiyo ya 100. Super ya kwetu haifiki huko. Kwa hivyo gari lako la exjapan, hata kabla uliguse, tayari linakunywa kitu dhaifu kuliko alichokiwaza mhandisi wake. Programu nzuri ya Mombasa inaanza kwa kupunguza taimingi, sio kuongeza.

Alafu kuna mafuta ya taa. Wasee walikuwa wanachanganya sana kwa sababu yalikuwa bei rahisi, hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kuziba hiyo njia. Okteni ya mafuta ya taa iko chini kabisa. Kwa Probox utaona moshi na uzito, kwa gari ya busti kubwa tangi moja linatosha kukumaliza. Chagua stesheni moja yenye magari mengi na uikae hapo. Zile chupa ndogo za kuongeza okteni zisikudanganye: zikiandika pointi 10, mara nyingi ni okteni 1 tu.

Joto, chumvi na maji ya kisima

Wallahi hii ndiyo inaniuma zaidi. Fundi anaona gari inachemka pale kwa foleni ya Mwembe Tayari, anang'oa thamostati, anatupa. Sasa kompyuta inadhani injini bado baridi, inamwaga mafuta mengi, mafuta yanaosha oili kwenye kuta za silinda, na unaambiwa "si imepoa?" Rudisha thamostati. Tafuta kwa nini inachemka: rejeta imeziba, feni imechoka, ama gasketi ya hedi imeanza kuachia.

Na tafadhali usijaze rejeta na maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na chumvi na aluminiamu si marafiki. Kulanti sahihi ni pesa kidogo ukilinganisha na hedi.

Subaru nyingi zina intakula juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Ukiwa umesimama kwa foleni, joto la injini linaipika. Foleni ikiachia, usikanyage hapo hapo. Ipe kama dakika 1 au 2 hewa ipite.

Breki kwanza, najua hutaki kusikia

Oili ya breki inanyonya unyevu, na Mombasa unyevu tunao wa kugawa. DOT 4 ikiwa mpya inachemka kwa nyuzi 230 ama zaidi. Ikishanyonya maji inaweza kuchemkia 155, na ikichemka pedali inazama hadi chini. Farasi 50 zaidi kwa pedali kama hiyo, na mbele yako kuna tuktuk imekata kona bila taa... Badilisha kila mwaka. Angalia pia tarehe kwenye tairi, si meno tu.

Kumpata fundi

Kabla ya kuongeza kitu, injini ipimwe mbano wa kila silinda. Magari mengi ya turbo tunayoyapenda ni ya miaka ya 2000, na leo huwezi kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo unayoiona barabarani imeshapitia mikono mingi. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, mradi wako ni kufungua injini, sio kuongeza pawa.

Muulize fundi anasomaje mchanganyiko wa hewa na mafuta gari ikikanyagwa. Akisema anasikia kwa sikio, mwambie asante, ondoka. Anatakiwa kuwa na geji ama dayno, arekodi, akuonyeshe. Chini ya busti namba inakaa kati ya 11 na 12, sio 14.7, kwa sababu mafuta ya ziada yanapoza. Muulize pia kuhusu plagi. Ukiongeza busti unaweka plagi baridi zaidi, na kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi. Feki zimejaa, so nunua mahali unaweza kurudisha.

Akisema katalisti itolewe "inazuia gari", kumbuka ndani ina platinamu na paladiamu. Uliza itabaki na nani.

Karao na makaratasi

Ukibadilisha injini, namba mpya lazima iingie kwenye logbuku kupitia NTSA, la sivyo siku ya kuuza ama kusimamishwa ni ngori. Bima nayo iambie. Ukikaa kimya alafu ugonge, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa. NEMA wana kanuni za kelele za 2009 na ekzosi zimo. Mwendo wa mjini ni 50, na Nyali Bridge haijawahi kuwa uwanja wa mashindano. Ukitaka kujua gari lako lina nini, autokrosi zinasimamiwa na KMSF, kuna helmeti, ambulensi, na hakuna mama anayevuka na mtoto.

Ukishamaliza, oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 bila visingizio, na usizime injini ukitoka kuikimbiza, iache ingurume kidogo turbo ipoe. Stiki ya oili ivute kila ukijaza mafuta. Boksa za Subaru zinakunywa, na taa ya oili ikiwaka, beringi zimeshaanza kulia.