Nje ya Nyumba: Lupango, Baraza na Miti ya Mpaka huku Masako

Ukifuata njia ya zamani ya Buta kutoka Kisangani, mpaka kufika karibu na kilometa 14, kule Batiabongena, utaona kila mwaka nyumba mpya zinazidi. Ni watu wa mji wanaotafuta nafasi pembeni ya pori la Masako, lile pori la akiba lililowekwa mwaka 1953, lenye hektari 2.105, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani hujifunzia. Kila anayejenga anazungumza habari ya matofali, saruji na mabati. Habari ya nje ya nyumba huja mwisho, wakati pesa imekwisha. Basi anakata miti yote, anapiga ukuta kuzunguka lupango, anapanda maua mawili mlangoni, anasema: sasa nyumba imekamilika.

Sisi pia tulifanya hivyo, na tutaeleza ilivyotutokea. Lakini kwanza tutazame wazee walivyopanga nje ya nyumba zao.

Nyumba ya udongo na paa la ndele haidumu sana. Mvua ya kwetu inapita milimita 1.600 kwa mwaka, na ukuta ulioachwa bila mtu unarudi kuwa udongo. Kinachobaki ni miti. Ukiingia porini na mzee wa Kikumu, atasimama mahali ambapo wewe unaona kichaka tu, akuonyeshe ngazi tatu zilizopangana na mti wa safu, kisha akuambie: hapa palikuwa kijiji. Ngazi na safu zinazosimama pamoja namna hii, mara nyingi ni mkono wa mtu. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya Wabelgiji iliendelea kuwatoa watu porini na kuwapanga kando ya barabara, ili kodi, kilimo cha lazima na kazi ya barabara viangaliwe kwa urahisi. Vijiji vikahama, lakini miti ilikataa kuhama. Kwa hiyo mahame hayo, ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote, yanasomeka kwa miti ya nje ya nyumba. Mzee anayejua kuyasoma anajua pia babu yake alilima wapi, na nani ana haki ya kuokota safu pale.

Tuje kwenye uwanja. Mgeni anaweza kufikiri kwamba uwanja mtupu uliofagiliwa ni umaskini, kwamba mtu amekosa maua. Sivyo. Mama anaamka alfajiri, anashika ufagio wa njiti za ngazi, anafagia mpaka udongo unang'aa. Kwenye uwanja mweupe nyoka anaonekana mapema, na moto wa kuchoma shamba unakosa majani ya kuufikisha kwenye paa. Hata alama za miguu ya aliyepita usiku zinaonekana asubuhi. Wazungu walipoleta ukaguzi wa usafi walikuta ufagio uko tayari. Walichoongeza ni amri na faini. Na wakati wa Mobutu tukaambiwa salongo, kila Jumamosi, kana kwamba mama zetu walikuwa wanalala siku nyingine.

Mambo mengine yalitoka mbali. Neno baraza lilikuja na watu wa pwani, waungwana wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alipewa cheo cha gavana wa Stanley Falls. Wabelgiji wenyewe waliliokota wakaliandika «barza» katika Kifaransa chao, na hata leo mtu wa Kisangani anayesema Kifaransa anakaa kwenye barza. Miembe nayo, ambayo asili yake ni Asia, ilifuata njia za misafara, ndiyo maana Tabora na Ujiji zinajulikana kwa miembe ya zamani. Bugenvilia inayopanda kwenye kuta za Makiso ilitoka Brazili. Hatusemi vitu hivi si vyetu. Mti ukishatoa kivuli kwa watoto wako, nani atauuliza ulitoka wapi? Upande wa Uele wanawake wa Kimangbetu walichora kuta za nje kwa rangi za udongo, na kijiji cha chifu Ekibondo kilijulikana kwa kazi hiyo mpaka watalii wakawa wanakwenda kukiangalia. Kwetu rangi ilikuwa pemba nyeupe juu, udongo mwekundu chini, pale mvua inaporusha matope. Rangi ya chini ilificha uchafu. Akili hiyo hatukuiona tulipopaka nyumba yetu nyeupe mpaka chini. Miezi miwili tu ikageuka madoa.

Kosa letu kubwa lilikuwa jingine. Tuliponunua lupango, upande wa kushoto kulikuwa na mstari wa mimea yenye majani marefu, ile ambayo wataalamu huiita Dracaena. Tulidhani ni magugu yaliyoachwa. Tukawalipa vijana, wakang'oa yote kwa siku moja ili tupige ukuta. Siku ya pili mama mzee wa jirani akaja, akasimama bila kusalimia. Akasema: «Mwalimu, mwanangu, umefuta maandiko ya bwana wangu.»

Tulimwonyesha karatasi yetu. Na kweli, sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Lakini sheria hiyo hiyo ilisema haki za wenyeji kwenye udongo wao zitapangwa kwa amri ya Rais, na miaka mingi ikapita amri hiyo haikutoka. Wakati huo wote, huku kwetu mpaka ulishikwa na mmea. Si Wakumu peke yao: Wachaga wa Kilimanjaro nao wanaweka mipaka kwa mmea wa jamaa hiyo hiyo, wanauita isale. Unafaa kwa sababu haufi kwa urahisi. Kata kipande, chomeka, kinaota.

Tuliketi kwenye baraza ya chifu wa kijiji siku tatu. Mwisho mama huyo alitutembeza kutoka safu moja mpaka nyingine, akichomeka vijiti, sisi nyuma yake na vipande vya ile mimea tuliyookota kwenye takataka. Ukuta hatukuupiga. Na hapo tukagundua jambo ambalo fundi hakutuambia: maji ya mabati yetu yote yalikuwa yanateremkia upande ule, na ukuta ungeyasukuma moja kwa moja kwenye jiko lake. Tumechimba mfereji, tumepanda sitroneli kandokando ili ishike udongo, na pasipalumu mbele ya nyumba. Karibu na ukuta wa nyumba tumeacha uwanja mtupu, unafagiliwa kila asubuhi.

Vipande vile sasa vinafika kwenye goti. Kati ya shina la nne na la tano bado hatujakubaliana na mama: yeye anasema mstari unapita nyuma ya mwembe, sisi tunasema mbele yake. Msimu wa maembe watoto wake na wa kwetu wanaokota pamoja.